Ndege Ikikataa Kuongozwa: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Gari likivuta upande mmoja, fundi wa Kirinyaga Road huliendesha mpaka kwenye mzunguko na kurudi, halafu analala chini yake akijua pa kuanzia. Ndege iliyoanguka haikupi nafasi hiyo. Dalili zimeshapita, walioziona mara nyingi wamekufa, na kifaa unachokitafuta kimejikunja pamoja na vingine maelfu. Mafundi wengi, hata wazuri, hupotea hapa kwa sababu wanatafuta kilichovunjika, ilhali kwenye eneo la ajali kila kitu kimevunjika.

Vijana ninaowafundisha ufundi wa ndege hapa Nairobi, upande wa uwanja wa ndege wa Wilson, nawapa swali moja la kuanzia, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: kibao cha kuongozea ndege kilikaidi amri sahihi, au kilitii amri mbaya? Ndege mbili zinaweza kuanguka pua chini, kwa kasi ileile, zikaacha mashimo yanayofanana, na bado moja imekaidi na nyingine imetii. Dawa ya ile iliyokaidi huenda ikawa grisi. Dawa ya ile iliyotii huenda ikawa kuandika upya programu ya kompyuta.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuifungua ndege: eleroni ziko nyuma ya mabawa, nazo huilaza ndege kushoto au kulia. Eleveta ziko nyuma ya bawa dogo la mkiani, huinua na kushusha pua. Usukani wa mkia ni ule ubao wa wima, unaosogezwa kwa pedali za miguu. Kwenye ndege kubwa lile bawa dogo la mkiani nalo huinamishwa lote zima, polepole, ili rubani asishinde akivutana na fimbo ya kuongozea. Kazi hiyo huitwa trimu. Bawa hilo ni pana kuliko eleveta, kwa hiyo likiinama vibaya sana, eleveta haina ubavu wa kulipinga.

Kabla ya kuzifuata dalili

Kenya, uchunguzi wa ajali ni kazi ya Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, AAID, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. Si kazi ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwa kuwa KCAA ni msimamizi wa sekta, na msimamizi naye anaweza kujikuta ndani ya ripoti. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Kiambatisho cha 13, nchi ambamo ndege imeangukia ndiyo huongoza uchunguzi, huku nchi iliyoisajili, ya shirika linaloiendesha na iliyoiunda zikituma wawakilishi. Ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30. Hakuna anayetafutwa ili afungwe. Hayo ni ya polisi na mahakama.

Ukifika kwenye mabaki, tafuta pembe nne: pua, ncha ya bawa la kushoto, ncha ya bawa la kulia, mkia. Zikiwa zote mahali pamoja, ndege ilifika chini ikiwa nzima. Moja ikikosekana, rudi nyuma kwenye njia ambayo ndege ilipitia. Novemba 12, 2001, ndege ya American Airlines namba 587 iliangukia mtaa wa Belle Harbor, New York, lakini mkia wake wa wima uliopolewa majini, Jamaica Bay. Mkia ulikuwa umetangulia kung'oka.

Kisha nenda kwenye skrubu ya bawa la mkiani. Bawa hilo husogezwa na skrubu ndefu, nene, inayozunguka ndani ya nati. Skrubu ya aina hii haisukumiki kurudi nyuma kwa kishindo, kwa hiyo ilipokutwa ndipo ilipokuwa ndege ilipogonga. Ipime kabla mtu hajainyanyua. Fanya hivyo pia kwa skrubu za flapu, zile mbao za bawa zinazoteremshwa wakati wa kupaa na kutua ili bawa libebe zaidi.

Usidharau balbu. Kwenye ndege za zamani zenye taa za waya, taa iliyokuwa ikiwaka wakati wa kishindo waya wake ulikuwa wa moto na laini, kwa hiyo hunyooka na kurefuka. Iliyokuwa imezimwa, waya wake hukatika kikavu au hubaki ulivyokuwa. Ukiwa na lenzi ya kukuzia tu unaweza kujua ni onyo gani lililokuwa likiwamulika marubani usoni.

Vinasa viwili, cha sauti na cha data, kila mtu anavijua. Nitasema tu kwamba kinasa data huandika kile tu kilichoagizwa kuandika, na hili litatuuma tukifika dalili ya pili. Wakati wewe uko porini, mtu mwingine awe ameshafika kwenye ofisi za shirika kufungia kumbukumbu za matengenezo. Karatasi zina tabia ya kujirekebisha usiku.

Dalili ya kwanza: pua inashuka na haitaki kupanda

Hii ndiyo iliyoigusa Nairobi zaidi. Asubuhi ya Machi 10, 2019, saa mbili na dakika 38, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, aina ya Boeing 737 MAX 8, ilipaa kutoka Addis Ababa ikija JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Dakika sita baadaye ilikuwa imezama ardhini karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote.

Tuifuate amri. Rubani alikuwa akivuta fimbo kwake, yaani pua ipande. Bawa la mkiani lilikuwa likienda kinyume, yaani pua ishuke. Ukiishia hapo utasema lilikaidi. Lakini kinasa data kilionyesha kuwa bawa liliposogea vibaya lilitanguliwa na amri ya umeme, na amri hiyo haikutoka kwenye kidole cha rubani. Ilitoka kwenye programu iitwayo MCAS, ambayo hushusha pua yenyewe ikidhani imeinuka mno. Waya ulitii, mota ilitii, skrubu ilitii. Ukiwapeleka mafundi kukagua skrubu hiyo mwaka mzima, hawatapata kitu.

Basi panda ngazi moja. MCAS ilipata wapi wazo kwamba pua iko juu mno? Kwenye kihisi kidogo kilichochomoza ubavuni mwa pua, kinachopima pembe ambayo kwayo bawa linakutana na hewa. Muda mfupi baada ya kupaa, kihisi cha kushoto kilikuwa kikisoma digrii 74.5, cha kulia 15.3. Hakuna ndege ya abiria inayoruka kwa pembe ya digrii 74. Mtoto angeshangaa. MCAS haikushangaa, kwa sababu iliundwa kusikiliza kihisi kimoja kwa kila safari na haikukiuliza cha pili.

Panda tena: kwa nini kihisi kilidanganya? Hapa wachunguzi wenyewe waligawanyika. Ripoti ya mwisho ya Ethiopia, iliyotoka Desemba 2022, ilinyooshea kidole hitilafu za umeme ndani ya ndege. NTSB, chombo cha Marekani cha kuchunguza ajali, ilipinga, ikasema ushahidi unaonyesha kihisi kiligongwa na kitu, na kwamba kitu hicho huenda zaidi kilikuwa ndege wa manyoya. Kwa maoni yangu ubishi huu umepewa uzito kuliko unavyostahili. Kihisi kilichoning'inia nje kwenye baridi, mvua na wadudu kina njia nyingi za kufa. Swali gumu ni nani aliruhusu kifo cha kihisi kimoja kiweze kuinamisha bawa zima la mkiani, tena na tena.

Na marubani? Walikata umeme wa trimu, kama maelekezo yalivyosema. Kilichobaki ni gurudumu la kuzungusha kwa mkono, lililo kando ya goti, nalo halikuzunguka. Injini zilikuwa bado kwenye nguvu ya kupaa, kasi imepita kiasi, na hewa imelikandamiza lile bawa. Umeme uliporudishwa, MCAS ilirudi nao.

Miezi michache kabla, Oktoba 29, 2018, Lion Air namba 610 ilikuwa imeanguka kwenye Bahari ya Java kwa njia hiyohiyo, ikaua watu 189. Kwa fundi, somo lake liko kwenye safari ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Ndege ilikuwa imewekewa kihisi kingine Bali, na kihisi hicho kilikuwa kimepotoka kwa digrii 21. Walipopaa kwenda Jakarta, fimbo ilianza kutetema kuonya kuwa bawa linakaribia kuishiwa nguvu ya kubeba, na pua ikawa inasukumwa chini. Rubani wa tatu alikuwa ameketi nyuma yao. Wakakata swichi za trimu, wakafika salama. Kisha likaja daftari la ufundi. Iliandikwa kuwa vipimo vya kasi na kimo havilingani pande mbili, na kwamba taa fulani ya shinikizo imewaka. Haikuandikwa kuwa fimbo ilitetema, wala kuwa swichi zilikatwa. Mafundi wakasafisha mabomba ya hewa, wakasafisha plagi, wakapima, wakaona kila kitu kiko sawa, wakatia sahihi. Walitibu walichoandikiwa. Ukiwa fundi na rubani yuko mbele yako, usiridhike na mstari mmoja wa daftari. Muulize: ulihisi nini mkononi? Ulizima nini? Ilirudi ulipozima?

Sasa dalili ileile, jibu kinyume kabisa. Januari 31, 2000, MD-83 ya Alaska Airlines, namba 261, ilikuwa pwani ya California. Bawa la mkiani lilikuwa limekwama. Marubani walihangaika nalo, likaachia ghafla, ndege ikapiga mbizi. Wakaiokoa kwa muda, kisha ikapiga mbizi ya pili hadi baharini. Watu 88 walikufa. Hapa hakuna aliyeamuru pua chini kiasi kile. Skrubu ilipotolewa baharini, ilikuwa imezungukwa na nyuzi nyembamba za chuma, zimejisokota kama waya. Zilikuwa meno ya nati. Nati hutengenezwa kwa madini laini kuliko skrubu ili iishe yenyewe kwanza, na ilikuwa imekwisha. Wachunguzi hawakukuta grisi yenye kazi pale ilipotakiwa, na kijitundu cha kupitishia grisi kilikuwa na mabaki makavu. Muda wa kupaka grisi ulikuwa umerefushwa hadi miezi minane. Shirika liliomba, msimamizi akakubali, na kila mmoja alikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ukitaka kuzitenganisha hizi mbili kwenye data, weka mstari wa amri juu ya mstari wa bawa. Bawa likisogea kila amri inapotolewa, limetii: mtafute mtoa amri. Likisogea bila amri, au likapita mwisho wa safari yake, limekaidi: nenda kwenye chuma.

Kuna la tatu. Siku moja kabla ya Alaska, Januari 30, 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways, namba 431, ilipaa usiku kutoka Abidjan kuelekea baharini. Mara tu magurudumu yalipoacha lami, onyo la bawa kuishiwa nguvu likalia. Lilikuwa onyo la uongo. Rubani aliyeshika fimbo akashusha pua, jambo ambalo hufundishwa kulifanya onyo hilo likilia. Chini kulikuwa na giza na maji, na hakukuwa na kimo cha kutosha. Kati ya watu 179, walionusurika ni 10. Eleveta ilimtii rubani, naye alilitii onyo. Ndiyo maana kwenye dalili hii huwa nauliza juu ya maonyo kabla ya kuuliza juu ya nyaya.

Dalili ya pili: ndege inajilaza upande na kupinduka

Tazama kasi ya kulala. Ikijitupa ndani ya sekunde chache, shuku usukani wa mkia. Ikilala taratibu huku hakuna anayesema kitu, weka mafundi pembeni kwanza.

Kisa cha kujitupa ni cha Boeing 737 za zamani. Machi 3, 1991, United namba 585 ilijigeuza ikikaribia kutua Colorado Springs, 25 walikufa. NTSB ilichunguza, ikaandika kwamba chanzo hakikuthibitika. Septemba 8, 1994, USAir namba 427 ikafanya vivyo hivyo karibu na Pittsburgh, 132 walikufa. Vinasa data vya ndege zote mbili havikuwa vimeagizwa kuandika usukani wa mkia uko wapi wala pedali imekanyagwa vipi. Mahali hasa ulipotaka kusoma palikuwa hapana kitu. Ilibidi wachunguzi wakokotoe nyuma: ndege ikigeuka kiasi hiki, kwa kasi hii, ni kibao gani pekee chenye nguvu hizo?

Kilichowafungulia njia ni ndege ambayo haikuanguka. Juni 9, 1996, Eastwind namba 517 ilijigeuza ikienda kutua Richmond, marubani wakaidhibiti, wakatua. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na rubani hai wa kuhojiwa na ndege nzima ya kupimwa. Uchunguzi ukajikita kwenye vali ndogo ya haidroliki, yaani mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaosukuma vibao, yenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kwa kawaida vali ile inafanya kazi vizuri, na ndiyo maana kila aliyeipima mezani aliirudisha na jibu la "haina neno". Wakaamua kuipoza hadi baridi ya kule juu, kisha wakaiingizia mafuta ya haidroliki yenye moto. Ikakwama. Mrija wa nje ukikwama, wa ndani huweza kupita kipimo chake, na mafuta yakaingia upande usio wao: rubani anakanyaga kulia, usukani unakwenda kushoto. Anavyozidi kukanyaga ndivyo unavyozidi kwenda kushoto. Ripoti ya USAir ilitoka Machi 1999, miaka minne na nusu baadaye, na vali ikaundwa upya kwenye ndege za aina hiyo.

Nawaambia wanafunzi: kifaa kikipita majaribio ya mezani, uliza meza ilikuwa na baridi kiasi gani.

American 587 niliyoitaja juu inafanana na hizi ukiitazama kwa mbali, lakini usukani wake ulitii. Ndege ilipita kwenye hewa iliyovurugwa na ndege iliyotangulia, rubani msaidizi akakanyaga pedali kushoto na kulia mara kadhaa, na usukani ukaenda kila alikoupeleka mpaka mzigo wa hewa ukaung'oa mkia. Walikufa 265, watano kati yao wakiwa chini mtaani.

Na ile ya kulala taratibu tunaijua vizuri. Mei 5, 2007, baada ya saa sita usiku, Kenya Airways namba 507 iliondoka Douala kuja Nairobi. Watu 114. Boeing 737-800 karibu mpya. Baada ya kupaa ikaanza kujilaza kidogo kidogo upande wa kulia. Rubani alitaja kwamba kiongozi otomatiki kiwashwe, lakini hakikuwashwa, na hakuna aliyekagua. Gizani, bila upeo wa macho, mwili haukwambii kuwa umelala. Onyo la kulala lilipolia, ndege ikaongozwa kwa namna iliyozidisha ulalo. Ripoti ya Cameroon ya mwaka 2010 haikupata hitilafu ya kuongoza ndege. Najua mafundi waliotaka ipatikane; chuma kikiwa na kosa, angalau marehemu hasemwi. Lakini mistari ya data ilionyesha eleroni zikifanya kile hasa zilichoambiwa.

Dalili ya tatu: fimbo inacheza, hakuna kinachoitika

Hii haihitaji maelezo marefu. Vibao vyote vikifa kwa pamoja, usitafute kibao. Tafuta mahali mabomba yote ya haidroliki yanapokutana. Japan Airlines namba 123, Agosti 12, 1985, ilikuwa na mifumo minne ya haidroliki. Ukuta wa nyuma wa kuzuia hewa, uliokuwa umetengenezwa vibaya baada ya ndege kuburuza mkia mwaka 1978, ulipasuka, ukaondoka na mkia na mabomba yote manne. Walikufa 520. United namba 232, Julai 19, 1989, ilikuwa na mitatu. Diski ya injini ya mkiani ikapasuka na vipande vyake vikaikata yote. Marubani waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini mbili zilizobaki mpaka Sioux City, na watu 184 kati ya 296 wakapona. Ile diski ilipatikana baada ya miezi mitatu, kwenye shamba la mahindi, wakati wa mavuno. Mchunguzi aliyekata tamaa mapema asingeipata, na bila hiyo ufa wake usingeonekana.

Dalili ya nne: shida imeanza baada ya matengenezo

Hapa niruhusiwe kuwa mkali. Ndege ikitoka gereji jana na ikakataa kuongozwa leo, usianze na nadharia za mbali.

Novemba 11, 2018, Embraer 190 ya Air Astana ilipaa kutoka Alverca, Ureno, baada ya matengenezo makubwa. Nyaya za eleroni zilikuwa zimepishanishwa: ukilaza kushoto, eleroni zinalaza kulia. Hangani palikuwa pametokea ujumbe wa hitilafu kwenye mfumo wa uongozaji, mafundi wakahangaika nao kwa siku kadhaa, na bado mpishano haukuonekana. Marubani nao walifanya ukaguzi wao kabla ya kupaa na hawakuuona. Angani ndege iliyumba hovyo kwa zaidi ya saa moja mpaka walipotua Beja, wote sita wakiwa hai.

Januari 8, 2003, ndege ndogo ya Air Midwest, Beechcraft 1900D, haikupata bahati hiyo. Iliinua pua Charlotte, ikaendelea kuiinua, ikaanguka, 21 walikufa. Waya wa eleveta ulikuwa umerekebishwa kwenye matengenezo yaliyotangulia, hatua kadhaa zikarukwa, na eleveta haikuweza tena kushusha pua kwa kiasi kilichohitajika. Lakini iliruka safari kadhaa bila shida. Siku ile ilikuwa pia nzito kupita kiasi na uzito umekaa nyuma, kwa kuwa abiria walikadiriwa kwa wastani wa kilo uliopitwa na wakati. Kosa la waya lilikuwa limesubiri mzigo.

Hapa Wilson kazi ya eleroni ikikamilika, mmoja huketi kwenye kiti cha rubani, mwingine husimama nje kwenye ncha ya bawa. Wa ndani anasema, "Naipeleka kushoto." Wa nje simruhusu kujibu "sawa, Mwalimu." Sawa na nini? Kibao kimesogea, ndiyo, lakini kimeelekea wapi? Aseme alichokiona kwa macho: "Ya kushoto imepanda, ya kulia imeshuka." Kisha fundi mwingine mwenye leseni, ambaye hakuigusa kazi hiyo, anarudia yote tangu mwanzo. Vijana huona ni kupoteza muda.

Dalili ya tano: kila kitu kinaitika, ndege haipandi

Mfano wake uko hapahapa Embakasi. Novemba 20, 1974, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, Boeing 747 ya Lufthansa namba 540 iliyotoka Frankfurt ilikuwa ikiondoka Nairobi kwenda Johannesburg na watu 157. Iliacha lami, ikaanza kutetemeka, ikashindwa kupanda. Ikaanguka karibu kilomita moja baada ya mwisho wa njia, ikagonga tuta la barabara, ikawaka. Walikufa 59. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu.

Jaribu swali letu. Eleroni zilitii. Eleveta ilitii. Usukani ulitii. Injini zilikuwa zikivuma zote nne. Flapu za nyuma ya bawa zilikuwa chini kama zilivyowekwa. Fundi anayetafuta kilichokaidi atarudi mikono mitupu, kwa sababu kosa lilikuwa mbele ya bawa: flapu za mbele zilikuwa bado zimekunjwa ndani.

Kwenye ndege ile flapu za mbele zilisukumwa kwa hewa ya shinikizo inayotolewa kwenye injini. Vali za kuipitisha hewa hiyo zilikuwa zimefungwa na hazikufunguliwa kabla ya kupaa. Amri ya kuteremsha flapu ilitolewa. Hewa ya kuitekeleza haikuwapo. Bila flapu za mbele, bawa hufika ukomo wake mapema, na Nairobi iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa nyepesi, ambako bawa halina akiba.

Wachunguzi waliandika kwamba orodha ya ukaguzi haikukamilishwa ipasavyo. Msomaji wa haraka hufunga faili hapo: mhandisi hakufungua vali. Ila ripoti haikuishia hapo, ilitaja pia kwamba ndege haikuwa na onyo la kutosha la kuwaambia marubani flapu za mbele haziko mahali pake. Na kosa hilohilo lilikuwa limesharipotiwa mara mbili kwenye 747 nyingine. Marubani waliziokoa, ndege zikaendelea na safari zake. Baada ya Embakasi, Boeing iliongeza mfumo wa kuwaonya marubani kabla ya kupaa kama vali hizo hazijafunguliwa.